Mtaro Hauna Mwenyewe

Kila masika yakianza Dar es Salaam, lawama hutafuta mtu wa kumshukia, na karibu kila mwaka inampata yuleyule: mwananchi. Mwananchi anatupa chupa mtaroni. Mwananchi amejenga bondeni. Mwananchi anatapisha choo mvua ikinyesha. Redioni anaitwa mtaalamu, anasema elimu itolewe. Kiongozi anasimama, anasema faini zitatozwa. Na sisi wanachuo tunavaa fulana za kampeni, tunashika mafagio, tunapiga picha, tunarudi vimbwetani. Wiki mbili baadaye mtaro umejaa vilevile.

Sisemi mwananchi hana kosa. Anayetapisha choo chake usiku wa mvua anajua anachofanya, na jirani wa bondeni ndiye anayekipokea. Lakini miaka inakwenda na tiba ni ileile, na ugonjwa ni uleule. Ndugu zangu wanachuo, nadhani tumekosea mahali pa kutazama. Hoja yangu ni hii: uchafu unaobebwa na maji ya mvua hautapungua mpaka kila mtaro uwe na mwenyewe anayejulikana, mwenye kibali cha serikali kinachomwambia afanye nini, afanye lini, na kitamkuta nini asipofanya. Na mwenyewe huyo, mara nyingi, si mama lishe wala fundi gereji. Ni halmashauri, ni wakala wa barabara, ni taasisi kubwa kama chuo chetu.

Kwanza tuelewane maji ya mvua yanabeba nini, kwa sababu wengi tunayaona kama maji tu. Mvua ikidondoka juani ni safi kiasi. Ikishafika chini inaanza kuokota. Inaokota oili iliyomwagika gereji, vumbi la breki za magari, mbolea ya bustani, sabuni ya sehemu za kuoshea magari, kinyesi cha mbuzi na cha binadamu, mchanga wa maeneo ya ujenzi, na hizo chupa na mifuko tunayoiona kwa macho. Mvua za mwanzo baada ya kiangazi kirefu ndizo zinazokuwa chafu kuliko zote, maana zinasomba kwa mkupuo mmoja kila kilicholala barabarani kwa miezi.

Zamani sehemu kubwa ya maji hayo ilikuwa inanywewa na ardhi. Siku hizi tunamwaga lami, tunatandika pevingi, tunaezeka mabati, halafu tunashangaa maji yamekuwa mengi na yana haraka. Na hapa kuna jambo ambalo hata wenzangu wa sayansi niliowauliza wengine hawakulijua: mtaro wa mvua kwa kawaida hauendi kwenye mabwawa ya kusafishia majitaka. Mtaro unakwenda mtoni moja kwa moja, na mto unakwenda baharini. Katikati hakuna chujio.

Tuchukue Msimbazi, mto ambao kila anayepanda mwendokasi kwenda Kariakoo anaujua. Unaanzia vilima vya Pugu, unapita Vingunguti, Kigogo, Jangwani, unaingia bahari pale Daraja la Salenda. Humo njiani unapokea mitaro ya viwanda, ya masoko, ya barabara kuu, ya mitaa ambayo haijawahi kuwa na bomba la majitaka. Kandokando yake watu wanalima mchicha, na mchicha huo unauzwa mjini. Kwa hiyo habari ya mtaro si habari ya harufu tu. Ni habari ya sahani.

Sasa, sheria zetu zinasemaje? Hatuna upungufu wa sheria, jamani. Tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Hiyo ya pili inataka anayetiririsha majitaka kwenye mto au ziwa awe na kibali kutoka bodi ya maji ya bonde. Kwa Dar es Salaam ni Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu. Kiwanda kina bomba, bomba lina mwisho, mkaguzi anaweza kusimama mwisho wa bomba na kuchukua sampuli. Mantiki inaeleweka: umemwaga wewe, jibu wewe.

Mtaro unatoroka mantiki hiyo. Maji yake yametoka kwenye paa elfu moja na barabara ishirini. Ukisimama mwisho wake ukachukua sampuli, utamshtaki nani? Ndiyo maana tunapotafuta wa kumkamata tunamkamata aliye karibu. Sheria zote mbili zinakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na mwishoni mwa mwaka 2015 tuliona alama nyekundu za X kwenye kuta za nyumba za Bonde la Msimbazi, kisha tingatinga likaja. Unaweza kuunga mkono bomoabomoa ile au kuipinga, lakini kumbuka jambo moja: mkazi wa bondeni anapokea maji, hayatengenezi. Waliopo juu yake, wenye lami na pevingi na mabati, hawakupigwa X na mtu.

Muhula uliopita nilijaribu kitu kidogo. Nyuma ya hosteli tunayopanga mtaani kuna mtaro ambao mvua ikinyesha unaleta maji meusi yenye utando wa mafuta mpaka mlangoni kwa jirani yetu, bibi mmoja anayeuza vitumbua. Nikaamua kuuliza: mtaro huu ni wa nani? Ofisi ya kwanza ikaniambia mtaro ulio pembeni ya barabara ni wa wenye barabara. Wenye barabara wakasema kazi yao ni maji yasile lami, uchafu ulio ndani ni wa watu wa usafi. Watu wa usafi wakasema wao wanazoa taka za majumbani, mtaro siyo dampo lao. Mzee wa mwisho nilimwamkia, akaitikia vizuri tu, akasikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza kwa upole, "Kwani wewe mwanangu unasoma nini?" Nilirudi hosteli bila jibu. Wala siwalaumu wale watumishi mmoja mmoja. Kila mmoja alisema kweli kwa upande wake, na hilo ndilo tatizo lenyewe.

Wenzetu wa Marekani waliwahi kukwama mahali hapahapa, na jinsi walivyojikwamua inafaa kusomwa, pamoja na makosa yake. Mwaka 1969 Mto Cuyahoga, katika mji wa Cleveland, ulishika moto kwa sababu ya mafuta na takataka zilizoelea juu yake, na haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1972 bunge lao, kwa kuipindua kura ya turufu ya Rais Nixon, likapitisha sheria kubwa ya maji safi. Msingi wake ni mwepisi: hakuna ruhusa kumwaga uchafu kwenye maji ya taifa kutoka sehemu maalumu bila kibali. Na katika kueleza "sehemu maalumu", sheria haikutaja bomba tu. Ilitaja na mfereji na mtaro.

Shirika la serikali la mazingira lilipoona hivyo likashtuka. Mitaro ni mingi mno, likasema, hatuwezi kuipa vibali yote, tuiache nje. Wanaharakati wakaenda mahakamani, na mwaka 1977 mahakama ya rufaa ikasema hapana: shirika halina mamlaka ya kuwasamehe watu ambao sheria haikuwasamehe. Kazi kuwa nyingi siyo sababu ya kutoifanya. Hata hivyo ilichukua miaka mingine kumi. Mwaka 1987 bunge likarekebisha sheria, safari hii kwa kuipindua kura ya turufu ya Rais Reagan, na kuagiza waziwazi kwamba miji lazima iwe na vibali vya maji ya mvua. Kanuni za awamu ya kwanza zilitoka mwaka 1990, zikabana miji yenye watu 100,000 na kuendelea, viwanda vya aina mbalimbali, na maeneo ya ujenzi ya ekari 5 au zaidi. Awamu ya pili, mwaka 1999, ikashuka kwenye miji midogo na ujenzi wa kuanzia ekari 1.

Angalia mwelekeo wa mambo hapo. Anayeomba kibali ni serikali ya mji. Meya ndiye anayepeleka maombi, ndiye anayetoa ripoti, ndiye anayeweza kupigwa faini. Na haikuishia kwa meya. Kanuni za awamu ya pili zinahesabu pia taasisi za umma zenye mitaro yake kama mji: idara za barabara, kambi za jeshi, hospitali kubwa, magereza. Vyuo vikuu vya umma vingi vya huko vimo. Yaani kuna wanafunzi wenzetu wanaosoma kwenye kampasi ambayo mtaro wake una kibali, una mpango wa kazi uliochapishwa, na una mtu ambaye jina lake na namba yake ya simu ziko kwenye mpango huo.

Kibali cha namna hiyo kinadai nini? Kwa miji midogo na taasisi, kinadai mambo sita. Kuwaelimisha watu. Kuwashirikisha watu katika kupanga. Kuwatafuta na kuwazuia wanaounganisha majitaka kwenye mtaro wa mvua. Kudhibiti mchanga na uchafu wa maeneo ya ujenzi. Kuhakikisha majengo mapya yanashughulikia maji yake hata baada ya ujenzi kwisha. Na la sita, taasisi yenyewe kuwa safi katika shughuli zake: karakana yake, magari yake, bustani zake, dampo lake. Kibali kinadumu miaka isiyozidi mitano, kisha unaomba upya na unaulizwa ulifanya nini.

Hebu lipitishe hilo kwenye kampasi yetu. Elimu tunayo, tunaitoa kila siku ya mazingira duniani. Kushirikishwa hatujashirikishwa. Nani anajua bomba la maji ya jikoni kwenye kafteria linaishia wapi? Ule mchanga wa ujenzi uliolundikwa mteremkoni kabla ya mvua za vuli, uko wapi sasa? Uko mtaroni. Maegesho mapya yaliyofunika uwanja wa nyasi, maji yake yamepelekwa wapi zaidi ya kwa majirani walio chini yetu? Katika mambo sita tunatimiza moja, lile la kuongea.

Najua mtasema nini, kwa sababu nimeshabishana haya bwenini mpaka taa zikazimwa.

Pingamizi la kwanza: kibali kingine? Nchi hii kibali maana yake tozo, tozo maana yake njoo kesho, njoo kesho maana yake toa kitu kidogo. Nakubali hofu hiyo ni ya haki. Ndiyo maana nasisitiza kibali kimfunge mwenye mtaro, siyo kila anayeishi kando yake. Tukianza kuwadai vibali wauza chipsi na waosha bajaji, tutakuwa tumetengeneza kero mpya na mto utabaki vilevile. Mwenye mtaro kwa Dar es Salaam ni wachache wanaohesabika: manispaa, TANROADS kwa barabara kuu na za mkoa, TARURA kwa barabara za mijini na vijijini, bandari, viwanja vya ndege, masoko makubwa, hospitali kubwa, vyuo. Hao wana bajeti, wana wahandisi, wana wanasheria. Mwosha bajaji atadhibitiwa na manispaa kwa sababu manispaa yenyewe itakuwa na kibali cha kulinda.

Pingamizi la pili: sisi ni nchi maskini, hatuna hela ya anasa za Wamarekani. Hela? Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya kuendeleza Bonde la Msimbazi, na mkopo huo tutaulipa mimi na wewe baada ya kumaliza kulipa bodi ya mikopo. Mradi ni mzuri na ulihitajika. Ila kuchimba mchanga mtoni huku mitaro ya juu inaendelea kuuleta ni sawa na kudeki bila kufunga bomba. Mengi yanayodaiwa na kibali hayahitaji dola: ramani ya mitaro, turubai juu ya lundo la mchanga, chujio kwenye mdomo wa mtaro, ndoo ya kukusanyia oili chafu karakana, mtu mmoja mwenye simu inayopokelewa. Upande wa pili wa hesabu tunaujua. Agosti 2015 kipindupindu kilipolipuka Dar es Salaam, kikasambaa mikoani, ikafika mahali sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba zikafutwa, taifa zima likashika mafagio. Siku ile ilikuwa nzuri, sikatai. Lakini siku moja ya fagio haiwezi kufanya kazi ya mwaka mzima ya mtu anayewajibika.

Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi: karatasi haisafishi maji. Ni kweli, na Marekani kwenyewe imeonekana. Kaunti ya Los Angeles ilikuwa na kibali kimoja kilichojumuisha kaunti, mamlaka ya kudhibiti mafuriko na miji 84. Vipimo vya mtoni vikaonyesha uchafu umepita kiwango mara nyingi. Waliposhtakiwa wakajitetea kwamba maji yamechanganyika, haiwezekani kujua uchafu ni wa nani. Unaisikia? Ni jibu lilelile nililopewa mimi nyuma ya hosteli. Kesi ilizunguka miaka, ikafika Mahakama ya Juu Januari 2013, na mwaka huohuo mahakama ya rufaa ikaamua kwamba kibali chenyewe kiliweka vipimo vile kama kipimo cha utii, kwa hiyo wenye kibali wanawajibika. Mwaka 2025 Mahakama ya Juu, katika shauri la San Francisco, ikasema kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba shirika la mazingira haliwezi kuandika tu kwenye kibali "maji ya bahari yasichafuke" na kumwachia mwenye kibali atambue mwenyewe. Lazima limwambie hatua za kuchukua.

Wapo waliolia kwamba uamuzi huo umeivunja sheria nguvu. Inawezekana, kwa huko kwao. Kwa sisi tunaoanza, nachukua somo: kibali kiandikwe kwa vitenzi. Safisha mtaro huu kabla ya Machi 1. Weka chujio hapa. Pima maji mara nne kwa mwaka, na bandika matokeo ukutani. Maneno kama "kuhimiza" na "kuboresha" yabaki kwenye hotuba. Karatasi yenye kazi zinazohesabika inaweza kukaguliwa hata na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Na mwanafunzi huyo ana haki ya kukagua. Kifungu cha 4 cha ile sheria yetu ya 2004 kinampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na kifungu cha 5 kinamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo ikitishiwa. Hata kabla ya sheria hiyo, wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji mwaka 1988 kwa kuwamwagia takataka za jiji mlangoni, na Mahakama Kuu ikawasikiliza. Jiji lilipohamishia taka Kunduchi Mtongani, wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani, wakashinda. Watu wale walishinda kwa sababu walijua wa kumshtaki. Dampo lilikuwa na mwenyewe. Mtaro hauna.

Basi naiomba serikali yetu ya wanafunzi ifanye mambo matatu kabla ya masika yajayo, na yote yako ndani ya uwezo wake. La kwanza, iuandikie uongozi wa chuo kuomba ramani ya mitaro yote ya kampasi, inakoanzia na inakoishia; kama haipo, wenzetu wa uhandisi na jiografia waichore kama kazi ya vitendo. La pili, ipendekeze chuo kijitungie mpango wa maji ya mvua wenye yale mambo sita, wenye jina la ofisa mmoja anayewajibika, bila kusubiri Dodoma itulazimishe. La tatu, mpango huo ukishakuwepo, tuupeleke bodi ya bonde na NEMC tukiwa na swali moja: kama chuo kimeweza, kwa nini manispaa na mawakala wa barabara wasipewe kibali chenye masharti hayohayo?

Mwaka huu tena tutaitwa kufagia Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nitakwenda, na wewe njoo. Ila tukishafika, kabla hatujagawana mafagio, tumuulize aliyetuita: mtaro huu ni wa nani, na kibali chake kiko wapi?